Ligi Inayomrudisha Anayeshika Mkia: Mwongozo wa PUBG Mobile ya Mtaani

Kabla hujafikiria zawadi, jezi au chaneli ya YouTube, ifikirie skwadi itakayomaliza Jumapili yako ya kwanza ikiwa ya kumi na nne kati ya kumi na sita. Vijana wanne, wawili wamekaa sebule moja na wengine kila mmoja kwao. Wameshuka mji wa Pochinki mara tatu, na mara tatu wamekufa kabla zoni ya kwanza haijafunga. Bando limepungua, chaji inaelekea kwisha, na kwenye grupu la WhatsApp washindi wanarushiana stika. Jumapili ijayo watarudi?

Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama una ligi au ulikuwa na shughuli ya siku moja. Skwadi bora hazihitaji kubembelezwa, zitafuata ushindani popote ulipo. Zinazoondoka kimyakimya ni zile za mkiani, na zikiondoka nne, zinazofuata juu yake ndizo zinakuwa mkia mpya. Baada ya miezi miwili unabaki na skwadi tano zinazojuana kwa majina, na uwanja mtupu.

Nimechagua PUBG Mobile kwa sababu inachezeka kwenye simu tulizo nazo. Kompyuta ya kuchezea Counter-Strike au Valorant vizuri bado ni mali ya wachache huku kwetu. Anayecheza Call of Duty: Mobile atapata mengi ya kumfaa humu, ila kule mashindano mengi ni watano kwa watano badala ya skwadi nyingi uwanja mmoja, kwa hiyo hesabu za pointi atazipanga kivyake.

Na kwa mzazi au kaka anayesoma kwa niaba ya mchezaji: gemu hii ilitoka duniani Machi 2018. Watu hadi 100 huruka kutoka kwenye ndege, hushuka mikono mitupu, huokota silaha majumbani, na eneo salama huzidi kupungua hadi ibaki skwadi moja. Eneo hilo ndilo vijana wanaloliita zoni, na anayebaki nje yake huumia hadi afe. Ramani kongwe, Erangel, ni kilomita 8 kwa 8. Sanhok ni 4 kwa 4, yaani robo ya Erangel, na ndiyo maana pale risasi zinaanza kulia mapema.

Skwadi kwanza, ligi baadaye

Huwezi kuendesha mashindano kama wewe mwenyewe hujui maisha ya ndani ya skwadi. Tafuta watu watano. Wanne wa kucheza na mmoja wa akiba, maana kila wiki kuna mtu atakatiwa umeme au atatumwa dukani na mama yake. Ukichagua, angalia kwanza nani anapatikana Jumanne na Alhamisi saa mliyokubaliana, kisha ndipo uangalie nani analenga vizuri. Kijana anayeua watu kumi kwa mechi lakini haonekani mazoezini atawavunja moyo wengine wanne kuliko adui yeyote.

Kisha mpe mmoja ukapteni, na awe mmoja kweli. Si lazima awe mlengaji bora. Mara nyingi ni afadhali asiwe, kwa sababu mwenye jicho kali muda wote yuko kwenye skopu, hana nafasi ya kutazama ramani. Kapteni anaamua mambo machache: tunashuka wapi baada ya kuona njia ya ndege, tunaondoka lini, tunapitia upande gani, na pambano hili tunaliingia au tunaliacha. Uamuzi wa wastani uliofuatwa na wanne unazidi uamuzi mzuri unaobishaniwa huku risasi zinapita. Lawama zisubiri mechi iishe.

Kuhusu pa kushuka, chagueni sehemu mbili kwa kila ramani mzijue nyumba kwa nyumba. Pochinki iko katikati ya Erangel na kila mtu anaipenda, kwa hiyo ni shule nzuri ya mapigano na mahali pabaya pa kutafutia pointi. Kambi ya jeshi ina silaha tele, lakini iko kwenye kisiwa cha kusini chenye madaraja mawili tu. Zoni ikielekea kaskazini mtalazimika kuvuka, na darajani mara nyingi kuna watu waliolala wakiwasubiri. Georgopol na Yasnaya Polyana ni miji mikubwa, inatosha wanne kupata silaha bila kugombania bunduki moja. Skwadi za ligi hukaa na miji yao wiki baada ya wiki, na anayevamia mji wa mwenzake dakika ya kwanza hata akishinda hutoka na nusu ya risasi na mtu mmoja pungufu. Fanyeni hivyo mkiwa na sababu, si kwa hasira za kwenye grupu.

Suala ambalo naona skwadi zetu nyingi hazilifanyii kazi ni namna ya kuitana. Juu ya skrini kuna dira yenye nyuzi, na mwito mzuri una vitu vitatu: nyuzi, alama, idadi. Sasa jaribu kusema "mia tatu ishirini na tano, nyuma ya lile jiwe kubwa, naona kama wawili hivi" wakati adui anakimbia. Ukimaliza sentensi, yeye kashavuka barabara. Kadirieni nyuzi hadi kumi iliyo karibu na msome tarakimu mbili za mwanzo: "tatu-tatu, jiwe, wawili". Wengine hutumia tarakimu za Kiingereza, hakuna ubaya, ili mradi wote wanne watumie mtindo mmoja. Maneno ya dharura pia yawe mafupi na yasifanane: "nimedondoka", "moshi", "rudi", "gari". Na mtu aliyekufa anyamaze isipokuwa anaona kitu ambacho walio hai hawakioni. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko kudhibiti bunduki ya AKM.

Kwa mazoezi, anzeni kila siku na mechi mbili za timu dhidi ya timu, wanne kwa wanne, anayefikisha 40 kwanza ameshinda. Hizo ni fupi, hazili bando sana, na unakufa mara nyingi kiasi cha kuzoea. Baada ya hapo mechi mbili za kawaida mkiwa na lengo moja tu, mathalani kuhama kabla zoni haijaanza kusogea, au kutupa mabomu ya moshi kila mtu anapodondoka. Mmoja arekodi skrini. Mkimaliza, tazameni kifo kimoja tu, kile kilichowauma zaidi, mrudi nyuma dakika mbili kabla yake. Karibu kila mara chanzo ni mahali mlipokuwa mmekaa, na kasi ya kidole haihusiki.

Simu, vidole na umbali

Kwenye mipangilio, chagua picha za Smooth na fremu za Extreme, ambazo ni 60 kwa sekunde, kama simu yako inaruhusu. Uzuri wa majani haumuui mtu. Toa kava, usichaji huku unacheza, kaa karibu na feni. Simu ikipata moto hujipunguzia nguvu yenyewe, na hapo fremu zitaporomoka katikati ya zoni ya mwisho, si mwanzoni. Tumia spika za masikioni zenye waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na kidogo hicho kinatosha usisikie hatua za mtu anayepanda ngazi.

Usinakili namba za wepesi wa skrini kutoka kwa mtangazaji wa YouTube kila wiki. Chukua moja, kaa nayo wiki mbili, rekebisha kidogokidogo. Kama bado unacheza kwa vidole gumba viwili, anza sasa kujifunza vidole vitatu au vinne. Siku kumi za mwanzo utaonekana kama hujawahi kushika simu. Na washa jairoskopu, ile inayokuwezesha kulenga kwa kuinamisha simu, angalau kwenye skopu. Inasaidia sana kuzuia bunduki isipande juu.

Mechi yenyewe haili bando kubwa. Mzigo uko kwenye masasisho na kupakua ramani, ambavyo vinaweza kufika gigabaiti kadhaa. Waambie wachezaji wako wapakue kwenye Wi-Fi siku mbili kabla, na wafute ramani zisizo kwenye ratiba.

Kisha kuna pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, chanzo cha nusu ya visingizio vyote. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Dubai kwa mstari ulionyooka ni kilomita 3,500 na ushee, kwa hiyo hata kama seva ingekuwa Dubai penyewe, kwenda na kurudi ni milisekunde 35 kabla hujahesabu kona za nyaya za baharini, mitambo ya njiani na mnara wa mtaani kwako. Frankfurt iko kilomita 6,300 hivi, na hapo unaanzia 63. Hakuna kifurushi kitakachokuuzia chini ya hapo. Wengi wetu tunachagua kati ya seva ya Ulaya na ya Mashariki ya Kati, na kwa kuwa rumu moja, yaani chumba cha faragha cha mechi, ina seva moja, usiamue kwa kelele. Kila kapteni apime seva zote mbili saa ileile ya usiku ambayo ligi itachezwa, siku tatu, alete namba. Kama una ndugu wanaocheza kutoka Muscat, watavuta upande wa Mashariki ya Kati, na mara nyingi hilo halitawaumiza walio Mombasa wala Dar.

Kufungua ligi

Usisubiri skwadi 16. Nane zinatosha kuanza, yaani watu 32, na chezeni Sanhok ili msitafutane nusu saa nzima. Zikifika 16, watu 64, hamieni Erangel na ramani ya Miramar. Rumu inaweza kubeba 100, lakini ushauri wangu ni usizidishe 16. Zaidi ya hapo kazi ya kuhesabu inakuwa kubwa na nafasi ya skwadi dhaifu inazidi kuwa finyu.

Siku moja kwa wiki, saa ileile, mechi tatu. Erangel moja huchukua karibu nusu saa, ukiongeza mapumziko ni saa mbili kasoro, na watu wana shule na kazi kesho yake. Tangazo lako liandikwe saa kwa namna isiyopotosha. Grupu lenye watu wa Dar, Bujumbura, Goma na Muscat lina saa tatu tofauti: Bujumbura na Goma wako saa moja nyuma ya Dar, Muscat saa moja mbele. Andika "saa 3 usiku ya Dar na Nairobi, 21:00" na umalize. Mwezi wa Ramadhani sogeza hadi baada ya tarawehe. Mtachelewa kulala, lakini utapata mahudhurio mazuri kuliko miezi mingine.

Rumu hufunguliwa kwa kadi, ikapewa namba na neno la siri. Mchana wa siku ya mechi toa orodha ya nafasi: skwadi fulani inakaa namba 3, nyingine namba 4, na kila mchezaji ameandikwa kwa jina lake la ndani ya gemu. Namba ya rumu na neno la siri vitumwe kwa makapteni peke yao, dakika 15 kabla. Ukivitupa kwenye grupu la watu 200 utaingiza wapita njia ambao watakaa kwenye viti vya watu. Aliyekaa nafasi isiyo yake mwondoe bila hotuba.

Na anza kwa wakati. Kama skwadi mbili hazijafika, anza na kumi na nne. Mara ya kwanza watalalamika, mara ya pili watakuwa wa kwanza kuingia. Ligi nyingi za simu zinakufa kwa kusubiri: dakika kumi za bingwa mtetezi, kumi nyingine za yule aliyeenda kununua vocha, na skwadi za mkiani zimeganda kwenye skrini ya rumu zikila chaji. Wanaofika mapema ndio unaowaadhibu kwa kusubiri.

Hesabu ya pointi

Tumia mfumo uleule wa mashindano rasmi, watu waupate kwa mazoea. Nafasi ya kwanza pointi 10, ya pili 6, ya tatu 5, kisha 4, 3, 2, na nafasi za saba na nane pointi 1 kila moja. Kila adui unayemuua ni pointi 1.

Ukae chini na hizo namba kidogo. Pointi za nafasi kwa mechi nzima ni 32. Pointi za kuua, kukiwa na watu 64, zinaweza kukaribia 60, ukiondoa washindi waliobaki hai na waliouawa na zoni. Maana yake, skwadi iliyoshinda kwa kujificha na kuua wanne ina 14, na iliyokuwa ya tatu ikaua tisa nayo ina 14. Kapteni akielewa hilo ataacha kuwakataza vijana wake kupigana, na ataacha pia kuwarusha Pochinki kila mechi.

Lakini angalia nusu ya chini. Kuanzia nafasi ya tisa hadi ya kumi na sita hakuna pointi ya nafasi hata moja. Skwadi nane, nusu ya ligi yako, zinaishi kwa kuua tu, na dhidi ya watu wanaowazidi. Mfumo huo umetengenezwa kwa ajili ya wataalamu wanaotafuta bingwa. Wewe unatafuta bingwa na pia unatafuta watu wa wiki ijayo. Kuubadili mfumo sikushauri, kwa sababu vijana wanaota mashindano makubwa na wanataka namba zinazofanana na za huko. Badili kinachouzunguka.

Kwanza, tangaza jedwali la pili, la maendeleo. Chukua wastani wa pointi za kila skwadi kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kila wiki onyesha imepanda au imeshuka kiasi gani kulinganisha na yenyewe. Skwadi iliyotoka pointi 3 kwa usiku hadi 11 itakuwa juu ya jedwali hilo hata kama kwenye jedwali kuu ni ya kumi na mbili. Zawadi ya jedwali la pili iwe sawa na ya jedwali kuu. Nasema sawa, wala si kifuta machozi. Mabingwa watanung'unika, waache.

Pili, mara moja kwa mwezi fanya usiku wa kuchanganya. Majina yote 64 yanaingia kwenye kura na skwadi zinaundwa upya. Kijana wa mkiani anacheza sako kwa bako na mlengaji bora wa ligi, anamsikia anavyoita, anaona anavyotoka nyuma ya ukuta. Usiku mmoja wa namna hiyo unafundisha mengi kuliko video kumi. Faida nyingine utaiona baadaye: matusi yanapungua, kwa kuwa ni vigumu kumtukana mtu uliyemwinua akiwa amedondoka wiki iliyopita.

Tatu, kila kapteni wa nne bora apewe skwadi moja ya chini ya kutazama. Kazi yake ni kuangalia rekodi ya mechi moja na kutuma ujumbe wa sauti wa dakika tano. Anayekataa asilazimishwe, lakini utashangaa ni wangapi wanaopenda kuonekana walimu.

Zikifika skwadi 24, gawa madaraja mawili, mbili zipande na mbili zishuke kila mwisho wa msimu. Hapo skwadi ya mkiani inapata ligi ya saizi yake, kama timu za ndondo zinavyojuana uwanja wa kiwango chao, na kushuka daraja kunaacha kuwa aibu kwa sababu huko chini kuna mechi za kushinda.

Jedwali litoke usiku uleule, pamoja na picha za skrini za matokeo ya kila mechi. Atakayekuwa na pingamizi alete ushahidi kabla ya saa 12 jioni ya kesho yake, baada ya hapo namba zimefungwa. Pointi zikilingana, tangulizeni aliyeshinda mechi nyingi, kisha mwenye pointi nyingi za nafasi.

Wizi, matusi na pesa

Andika kanuni ukurasa mmoja, si kumi. Emuleta ya kompyuta hairuhusiwi. Faili zilizochezewa ili simu ionyeshe uwanja mpana kama wa tableti haziruhusiwi, na kuhusu tableti zenyewe amueni kabla ya msimu, kwa sababu upana wake ni faida ya kweli. Skwadi mbili zikionekana zinapitana bila kupigana, zote mbili nje. Anayeshukiwa aombwe kucheza mechi mbili zinazofuata huku simu nyingine inamrekodi mikono. Hilo humsafisha asiye na hatia haraka, na mwenye nayo hupata homa ya ghafla siku hiyo. Uamuzi utolewe na watu watatu ambao skwadi zao hazihusiki. Wewe mwandaaji usihukumu peke yako hata ukiwa na hakika.

Matusi ya kabila, ya dini na ya kijinsia yawe na adhabu iliyoandikwa: mara ya kwanza usiku mmoja nje, mara ya pili msimu. Wasichana wanaocheza gemu hii ni wengi kuliko wanaosikika, kwa kuwa wengi hufunga maikrofoni ili wasijulikane. Ukitaka kujua kama kanuni yako inafanya kazi, angalia kama wanaanza kuifungua.

Pesa ndiyo sehemu ya kwenda nayo taratibu. Kiingilio cha kila skwadi kikienda kwa mshindi, umewatoza walio chini ili uwalishe walio juu, na shughuli yako imeanza kufanana na kamari. Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na nchi jirani zina vyombo vyake. Uliza kabla hujakusanya. Mimi ningeanza bila kiingilio kabisa. Zawadi ndogo itoke kwa mfadhili wa mtaani: fundi simu, duka la vocha, kibanda cha chipsi. Usimwendee na maneno ya "vijana na teknolojia". Mwendee na orodha ya watu 64 wanaokaa ndani ya kilomita tatu za duka lake, mahudhurio ya wiki sita na picha ya jedwali lenye nafasi ya jina lake juu. Fedha ikiingia kwa M-Pesa, picha ya muamala iende kwenye grupu siku hiyohiyo, na ya kutoka vilevile. Zawadi ilipwe ndani ya saa 24. Ligi iliyowahi kuchelewesha zawadi wiki tatu haiaminiki tena, hata ikibadili jina.

Kukua bila kupasuka

Matangazo ya moja kwa moja yanavutia, lakini yanahitaji mtu wa kutazama ndani ya rumu, mtangazaji, na ucheleweshaji wa dakika kadhaa ili skwadi zisichunguliane kupitia matangazo hayohayo. Anza na vipande vya sekunde 30 vyenye sauti ya Kiswahili. Tuna watangazaji wa mpira wanaoweza kumfanya mtu aione kona kwa masikio. Mtafute kijana mwenye ulimi huo, mpe zoni ya mwisho ya Jumapili aitangaze, rusha Jumatatu mchana. Kipande kimoja kwa wiki kitoke kwenye skwadi za chini.

Mkutane ana kwa ana angalau mara moja kwa msimu. Usijaribu kuchezesha watu 64 kwenye ruta moja ya nyumbani, itazimia kabla ndege haijaruka. Alika skwadi nane, chezeni wanne kwa wanne hadi 40, mtoano. Mchana mmoja unatosha, na walioshindwa mapema bado wana wa kupiga naye soga.

Wapo watakaokuuliza haya yote yanaelekea wapi. Toleo maalumu la gemu hii lilichezwa kwa medali kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023, na mwaka 2024 Kombe la Dunia la PUBG Mobile lililofanyika Riyadh lilichukuliwa na Alpha Gaming ya Mongolia, nchi yenye watu milioni 3 na nusu hivi, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Waambie hivyo vijana wako, kisha waambie pia kwamba mchezaji mwenye mtihani wa taifa mwezi ujao anapumzishwa na nafasi yake inatunzwa. Liwe kanuni, na mzazi akikupigia simu uwe na la kumsomea.

Msimu uwe wa wiki nane, kisha wiki mbili za kupumzika. Katika mapumziko hayo mkabidhi mtu mwingine kadi za rumu, faili la pointi na uongozi wa grupu, uone kama anaweza kuendesha Jumapili moja ya kirafiki bila kukupigia. Akikwama, mfundishe hapo alipokwama. Msimu mpya usiufungue wiki ambayo sasisho kubwa linatoka, nusu ya wachezaji watakuwa bado wanapakua.